Mheshimiwa wa Tatu Anataka Kufa Jukwaani

Jumatatu, 12 Juni 1598

Leo tumegawiwa maneno ya mchezo mpya wa Bwana Peregrine Thwaite. Siku niliyoisubiri tangu Pasaka! London nzima inamjua Thwaite. Wauza chaza wanatukanana kwa matusi aliyoyabuni yeye. Akikosa neno analitengeneza hapo hapo, na baada ya wiki moja utamsikia mpiga makasia wa Mto Thames analitumia kana kwamba alizaliwa nalo. Nilikuwa na hakika safari hii amenikumbuka. Miaka sita nimo katika kundi hili la Jumba la Korongo, na sauti yangu inasikika hadi kwenye banda la dubu wa kupiganishwa, mtaa wa pili.

Mzee Cobbe, mtunza kitabu wetu, akapita akigawa mikunjo. Kila mwigizaji na mkunjo wake wa karatasi: maneno yake peke yake, na juu ya kila kipande maneno mawili matatu ya mwisho ya mwenzake anayemtangulia. Hiyo ndiyo ishara ya kufungua mdomo. Mchezo mzima umeandikwa mahali pamoja tu, katika kitabu kilicho ndani ya sanduku la Cobbe, na ufunguo wa sanduku uko shingoni mwa Cobbe. Anasema anaogopa wezi wa makundi mengine.

Gilbert Sparke alipoukunjua mkunjo wake, ulimfika magotini. Wangu haukuzidi urefu wa kidole gumba. Mheshimiwa wa Tatu! Nafungua mdomo mara mbili tu. Sehemu ya pili, mistari miwili kando ya kitanda cha Mfalme Radolfo aliyelishwa sumu. Sehemu ya tano, mstari mmoja, naleta habari kwamba farasi wamefika. Basi.

Na Sparke ni Mtawala Rainaldo, na anakufa! Jukwaani, mbele za watu, mistari kumi na minne huku amelala chali! Miaka sita mimi sijaruhusiwa kufa mbele za watu hata mara moja. Huwa natumwa nje nikafie huko, kisha mtu anakuja kusema nimekufa. Au mimi ndiye ninayebeba maiti. Nimembeba Sparke mara thelathini na moja. Mzito, na isitoshe hunitekenya.

Nikamwendea Thwaite, nikamuuliza kwa heshima zote kama Mheshimiwa wa Tatu hawezi kufa japo kidogo. Alikuwa anakula mkate na jibini, wino umejaa vidoleni mpaka kwenye jibini. Akasema, "Quilter, ndugu yangu, ukifa wewe, nani atambeba Sparke?" Wote wakacheka. Sparke akacheka kuliko wote. Nami nikacheka, kwa adabu tu. Nimeumia sana.

Jumanne, 13 Juni

Nimeamka na mpango! Mpango mkubwa!

Nilikuwa nautazama mkunjo wangu kwa uchungu. Ishara yangu ni "taji limepoa". Nikiyasikia hayo nasema mistari yangu miwili, na maneno yangu ya mwisho ni "lala salama". Hiyo ndiyo ishara ya Sparke ya kuvamia na askari, ngoma na tarumbeta. Sasa. Nani anajua ninachosema hapo katikati? Hakuna! Mheshimiwa wa Kwanza na wa Pili watasimama tu wakisubiri, maana wao wana mikunjo yao na mimi wangu. Sparke atakuwa nyuma ya mlango, na hawezi kuingia mpaka asikie "lala salama". Nikitaka naweza kuongea mpaka jua lizame. Cobbe anacho kitabu, sawa, lakini Cobbe yuko nyuma ya pazia. Hawezi kutoka kuja kunivuta sikio mbele ya watu elfu mbili.

Mazoezi ya pamoja je? Ni mara moja tu, asubuhi ya siku yenyewe, tena ni ya mapigano na ngoma. Sisi wadogo tunaambiwa tunung'unike tupite. Nitanung'unika! Nashangaa hakuna mtu aliyewahi kuliona jambo hili kabla yangu. Labda linahitaji kichwa cha namna fulani.

Nimeandika kutwa katika jiko la Mama Pym, mwenye nyumba wangu. Mistari arobaini na miwili! Mheshimiwa wa Tatu anakumbuka utoto wake, anawalaani wauaji, anajichoma kisu, anakufa polepole. Nimebuni na maneno mapya saba, Thwaite ataona wivu. Nilimsomea Mama Pym moja, "ghadhabuko". Akauliza kama linaambukiza. Nikamweleza kwamba maana yake ni hasira kubwa mno. Akasema hasira ya zamani ilikuwa inamtosha.

Lakini kipande cha simba kilimgusa. Ndicho kizuri kuliko vyote. Kuna simba jike mzee katika pango la dhahabu. Hajapata mume, hana mtoto, na hataki kunyoosha ukucha kuonyesha nani atalala pangoni akishaondoka, na wanyama wote wa mwitu wanaogopa kumuuliza. Sijui kilinijiaje, kilikuja chenyewe. Mama Pym akaacha kumenya vitunguu. Akasimama, akafunga dirisha, akafunga na mlango. Akaniambia, "Mwanangu, hicho usikisome kwa sauti." Nimemwelewa. Anaogopa majirani wataniibia.

Jumatano, 14 Juni

Siku ya kazi. Nimepika gundi ya unga. Nimeuiga mwandiko wa Cobbe, mikia mirefu kama ya panya, nikabandika karatasi yangu mpya juu ya mistari ile miwili ya zamani. Huwezi kuona mshono. Muuza nyama wa jirani kanipa kibofu cha kondoo kilichojaa damu, cha kuvaa chini ya koti. Nimemwahidi kiti cha roshani, ambacho sina.

Mchana tulicheza mchezo mwingine, mimi nikiwa mlinzi wa mlango. Nilisimama vizuri. Mwisho wake tukapiga magoti kama kila siku kumwombea Malkia wetu maisha marefu. Ametimiza miaka sitini na minne na hana mume wala mtoto, Mungu amlinde. Sparke alipiga magoti juu ya vidole vyangu, kwa makusudi.

Kisha nikaenda ukingoni mwa mto kukariri. Nikalia kwa sauti mpaka mwenye mashua akauliza nimefiwa na nani. Nikamjibu, na mfalme. Akanipa pole. Nyumbani nimefanya mazoezi ya kuanguka mara tisa, hadi vumbi la dari likaingia katika mchuzi wa Mama Pym wa dengu, akagonga kwa mwiko.

Sasa ninayajua yote. Nikifumba macho yanakuja yenyewe.

Alhamisi, 15 Juni

Nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Asubuhi Cobbe alituita wote. Akatukumbusha kwamba kila mchezo husomwa kwanza na mkaguzi wa michezo, naye hutia sahihi ukurasa wa mwisho, na lisilo na sahihi halisemwi. Najua, nani asiyejua! Huwa hakuna anayefuatilia. Lakini kesho karani wa mkaguzi atakuja mwenyewe, atakaa na kitabu mapajani, afuatilie neno kwa neno. Kisa? Kundi la ng'ambo ya mto limeongeza hotuba isiyo na sahihi. Waigizaji wawili wako gerezani tangu juzi. Inasemekana watakatwa masikio.

Nikauliza hotuba yenyewe ilihusu nini. Cobbe akatazama dari, akatazama mlango, akasema ilihusu simba.

Simba!

Nikamuuliza simba alifanya nini. Akanijibu, "Simba ni simba, Quilter, usinichoshe." Nikamuuliza Sparke, naye akasema hathubutu kulisema jambo lenyewe. Nikamuuliza Thwaite. Akaniambia kosa hili ukilieleza umelirudia, kwa hiyo kila mtu aelewe kimya kimya. Nikasema nimefahamu. Na ni kweli nimefahamu: simba wamepigwa marufuku. Nadhani wale simba wa Malkia wanaofugwa kule kwenye ngome ya Mnara wamemng'ata mkubwa fulani. Lakini ilikuwaje nisitangaziwe mapema? Mistari yangu kumi, kuanzia wa kumi mpaka wa kumi na tisa, yote ni simba mtupu!

Basi nikaamua kuwa mtu mwema. Nitasema mistari miwili ya Thwaite kama ilivyo. Nikakimbia nyumbani. Nikakumbuka kwamba nimeibandika juu yake! Nikaloweka mkunjo katika maji ya moto ili gundi iachie. Iliachia. Wino nao uliachia. Nimebaki na kitu kama uji mweusi, na sikumbuki neno hata moja la mistari ile, isipokuwa "lala salama".

Nikaenda kwa Cobbe na jagi la bia. Nikamwambia naomba kuchungulia kitabu, nihakikishe kama Mheshimiwa wa Tatu anavaa kofia. Cobbe alikuwa amekalia sanduku lenyewe. Akasema anavaa. Akanywa bia yangu yote bila kuinuka.

Nikaenda kwa Thwaite kwenye hoteli anakoandikia. Mwandishi wa maneno si anayajua maneno! Nikamuuliza kwa ujanja, kana kwamba natania, Mheshimiwa wa Tatu anasema nini kando ya kitanda. Akaweka kalamu chini, akauliza, "Mheshimiwa wa Tatu yupi?" Nikamwambia wa mchezo wa kesho. Akauliza mchezo wa kesho ni upi. Yeye yuko kwenye mwingine tayari. Amezamisha meli yenye watu wote na bado zimebaki sehemu tatu, hana mtu wa kuongea. Alinihurumia lakini. Akafikiri sana, akasema, "Huenda anasema jambo kuhusu mauti. Huwa wanasema."

Waheshimiwa wenzangu hawajui. Sparke hajui. Hakuna anayejua, kila mtu ana wake tu. Ndio ule ule uzuri wa mpango wangu!

Uamuzi wa mwisho. Mistari minane ya mwanzo haina hatari: ni utoto wangu, na mfalme alivyonipa farasi mdogo. Nitaisema hiyo minane, kisha nitaruka moja kwa moja hadi "lala salama", Sparke ataingia, mimi nitanyamaza. Hakuna simba, hakuna kujichoma. Ningeweza pia kusema "lala salama" tu tangu mwanzo na kufunga mdomo. Nimeliwaza hilo. Lakini mistari ile minane ni mizuri.

Kibofu nitakivaa hivyo hivyo, kisiharibike bure.

Ijumaa, 16 Juni

Niko hai! Masikio yangu yako mawili. Nimeyashika mara nyingi leo.

Mazoezi ya asubuhi nilinung'unika vizuri sana, hakuna aliyeshtuka. Saa nane bendera ikapanda, tarumbeta zikalia, jumba likajaa mpaka juu. Karani aliketi pembeni ya jukwaa kwenye kigoda, mwembamba, kalamu nyuma ya sikio, kitabu mapajani, akila njugu. Nikakagua kibofu changu mara nne, na ilikuwa bado sehemu ya kwanza.

Sehemu ya pili. Mfalme amelala. Mheshimiwa wa Pili akasema "taji limepoa". Nikaanza.

Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Waheshimiwa wenzangu wakanitumbulia macho lakini wakasubiri, kama nilivyopanga. Karani akafunua ukurasa, akaurudisha. Na watu wakanyamaza! Watu elfu mbili wakaacha kuvunja njugu kwa ajili yangu mimi! Nikafika mstari wa nane. Farasi mdogo. Hapo ndipo nilipotakiwa kuruka. Nilikuwa naruka, naapa. Lakini mwanamke mmoja chini uani, kwa watazamaji wa kusimama, akasema, "Maskini!"

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia maskini jukwaani. Nikaenda mstari wa tisa.

Mstari wa tisa unaeleza jinsi mfalme alivyokuwa akinifunika blanketi nilipokuwa mtoto na kuniambia "lala salama". Niliuandika mwenyewe! Mkono wangu huu! Kutwa nzima ya Jumanne sikuliona! Mlango ukafunguka kwa kishindo. Sparke, askari sita, ngoma mbili, tarumbeta tatu.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilitaka kunyamaza. Lakini ulimi wa mwigizaji ni kama punda wa kinu, ukishazoea mzunguko hauulizi. Nikajisikia naanza simba. Nikafumba macho. Simba jike mzee! Tarumbeta. Pango la dhahabu! Ngoma. Sikuwa naisikia sauti yangu mwenyewe, na sauti yangu inasikika hadi kwa dubu. Nikafumbua jicho moja. Karani ametega kiganja sikioni, na mpiga tarumbeta amesimama nyuma ya sikio hilo hilo, mashavu yamevimba. Sijawahi kumpenda binadamu kama nilivyompenda yule mpiga tarumbeta. Hana mto wa kulala, nimeamua nitampa wangu.

Sparke alitakiwa kupigana na Mheshimiwa wa Kwanza, lakini mimi nilikuwa katikati, mikono juu, nimefika kwenye kucha. Akaninong'oneza, "Toka hapo, we kinyago!" Singeweza kutoka, ilikuwa bado mistari miwili ya pango. Basi akanipiga tumboni kwa ubapa wa upanga.

Kibofu!

Damu ilimwingia Sparke puani. Ikaingia mahameli yake ya samawati, vazi alilotuachia bwana mkubwa mmoja marehemu, ambalo sote tunaliheshimu kuliko tunavyoheshimiana. Ikaingia katika njugu za karani. Ngoma zikasita. Nikatazama tumbo langu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikafa.

Nilikufa vizuri. Nikaanguka upande wa kushoto, nikainuka, nikaanguka upande wa kulia. Yule mwanamke akalia, "Jamani!" Watu wakapiga makofi mpaka njiwa wakaruka kwenye mapaa. Halafu Sparke naye ikabidi afe mistari yake kumi na minne, na kufikia wa tano mtu akapaza sauti kwamba amechelewa, mwenzake kashamaliza. Furaha gani hii!

Lakini sehemu ikaisha na maiti tukabaki sakafuni. Hakuna aliyekuja kutuondoa. Nikasubiri. Nikakumbuka kwamba mbebaji ni mimi. Nikainuka, nikambeba Sparke, nikaondoka naye. Sijui kwa nini walicheka vile.

Sehemu ya tano nikaingia na habari za farasi. Mtu wa uani akapiga kelele, "Huyu si alikufa?" Elfu mbili wananitazama! Nikamjibu, "Mimi ni mdogo wake." Jumba likaangua kicheko kama siku ya harusi. Thwaite nilimwona nyuma ya pazia, amejishika mbavu. Cobbe alikuwa amekaa sakafuni na sanduku lake tupu, mweupe kama shuka.

Tulipomaliza kumwombea Malkia, karani akaja nyuma, akipangusa njugu moja moja. Akaniuliza jina. Akaniambia nifike ofisini kesho saa tatu. Furaha yote ikanishuka hadi kwenye nyayo.

Jumamosi, 17 Juni

Nilimuaga Mama Pym. Akanifungia mkate na samaki wa chumvi, chakula cha gerezani. Akalia kidogo. Akauliza kama anaweza kupangisha chumba kuanzia leo au angoje Jumatatu.

Ofisi ya karani ni ndogo, inanuka nta. Akaniacha nimesimama muda mrefu. Kisha akauliza kama ni kweli kwamba jana, mbele ya umma, nilitamka maneno yasiyokuwamo kitabuni. Niliyaona masikio yangu yamelala kwenye sahani. Nikaanza kuungama. Nikasema, "Mheshimiwa, kuhusu yule si..."

Akaniinulia kalamu, akaniambia nisimpotezee muda. Akasoma kwenye karatasi yake: maneno manne, "Mimi ni mdogo wake." Nani aliyaidhinisha?

Nikaketi chini bila kuambiwa. Manne! Manne tu! Nikasema hakuna aliyeyaidhinisha, naomba radhi, natoka katika ukoo wenye ndugu wengi. Akauliza ile hotuba ya farasi mdogo je, naye hakuiona kitabuni. Nikasema huenda kurasa ziligandana kwa damu. Akakitazama kitabu, na kweli, kurasa zimegandana! Akauliza tena, wakati wa ngoma aliniona midomo inakwenda, nilikuwa nasema nini? Nikasema nilikuwa natafuna. Akaandika: anatafuna.

Na ile damu? Akajijibu mwenyewe. Akasema ofisi hii hukagua maneno, na damu si neno. Kisha akachovya kalamu, akayaandika maneno yangu manne pembeni mwa kitabu kwa mkono wake, akatia sahihi. Akasema bila hayo maiti analeta habari za farasi, na hiyo ni fujo, haiwezi kuvumiliwa katika ufalme. Akaniambia niende.

Nimebusu nguzo ya mlango. Nimembusu bawabu. Nimekula samaki wote wa gerezani nikiwa nimesimama darajani, upepo unanipiga masikio yote mawili, na sijawahi kula samaki watamu kama wale. Nilicheka peke yangu mpaka watu wakanipisha.

Jumbani Sparke alikuwa anadai nifukuzwe. Thwaite akakataa. Akasema mji mzima unamuulizia yule maiti anayebeba maiti, na waliokosa jana wanataka kuja wamwone. Nimebaki! Adhabu yangu ni kufua mahameli kwa maji baridi na chumvi mpaka damu itoke yote, na kutogusa gundi tena maisha yangu. Nimefua huku nikiimba. Sparke alisimama kunisimamia, na hata yeye nilimwona mzuri.

Jumapili, 18 Juni

Kanisani. Mhubiri alisema juu ya wanaoongeza yasiyokuwapo. Nimeapa, mkono kifuani, sitaandika mstari tena. Moyo umekuwa mwepesi. Wakati wa mahubiri nimebuni maneno mapya mawili.

Jumatatu, 19 Juni

Sikulala fofofo, lakini si kwa hofu. Nilikuwa nafikiri nilikosea wapi. Leo asubuhi nimepaona! Kosa langu lilikuwa kujificha. Kubandika, kuloweka, kumlewesha mzee wa watu kwa bia, ya nini yote hayo? Karani ni mtu anayependa maneno. Yangu manne yalinitoka kwa bahati mbaya na akayaandika kwa mkono wake mwenyewe. Je, nikimpelekea arobaini na mawili kwa adabu, yamenyooka, kwenye karatasi safi? Mistari, si maneno. Maneno ni mengi zaidi, atafurahi.

Nimenakili hotuba yote. Simba nimemtoa. Mimi si mjinga, nilisikia wazi kwamba simba ndiye aliyewaponza wenzetu. Mahali pake nimeweka bibi kizee mwenye taji. Ana miaka sitini na minne, hajaolewa, hana mtoto, na hataki kusema nani atakalia kiti chake akifa. Hakuna mnyama hata mmoja. Nimeipitia mara mbili kuhakikisha, hata farasi mdogo nimemwondoa.

Nimemsomea Mama Pym. Ameweka sufuria chini, amenikumbatia kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa, na ameniuliza tena habari za chumba.

Nimekwenda mwenyewe ofisini, nimemkabidhi bawabu mkononi. Chini nimeandika jina langu lote, Humfrey Quilter, mwigizaji, na nyumba ya Mama Pym nyuma ya kiwanda cha ngozi, mlango wa kijani, na kwamba asubuhi huwa nipo mpaka saa sita. Sitaki wapate shida kunitafuta.